Kidonge cha Usiku, Homoni ya Asubuhi

Nyani dume hakunyoshei mkono umtoe damu. Robert Sapolsky, mwanabiolojia wa Marekani aliyeanza kuwafuatilia nyani wa Maasai Mara mwaka 1978, alilimaliza tatizo hilo kwa mrija mrefu wa kupulizia na kishale chenye dawa ya kulaza. Lakini shabaha haikuwa kazi yote. Alichokitafuta kwenye damu ni kotisoli, homoni ya msongo, nayo hupanda kwa dakika chache mnyama akishtuka. Ilimlazimu basi ampate nyani ambaye hakumwona akija, saa zilezile za asubuhi, asiwe mgonjwa, asiwe amepigana wala kupanda jike siku hiyo, na akishalegea tu damu itolewe upesi. Likabaki swali la dawa yenyewe: hiyo ya kulaza isije ikawa ndiyo inayoibadilisha homoni inayopimwa.

Swali hilo la porini ndilo la mhadhara huu, ila mahali pa nyani yuko mtu mwenye sonona, na mahali pa kishale pana kidonge. Akimeza dawa ya kutuliza, kotisoli yake aghalabu hushuka. Hilo limepimwa mara nyingi na halina ubishi mkubwa. Ubishi uko kwenye maana yake: homoni iliyoshuka ni ugonjwa uliopungua, au ni kipimo kilichofunikwa tu? Malindi, mji wa pwani ya Kenya katika kaunti ya Kilifi, na mtaa wa Muyeye ndani yake, ni mahali pazuri pa kuliuliza, kwa kuwa dawa za jamii hii hupatikana huko kwa njia tatu: kwa karatasi ya daktari, kwa kubembeleza dukani, na mitaani kwa jina la bugizi.

Safari ya kotisoli huanzia kichwani. Sehemu ndogo ya ubongo iitwayo haipothalamasi hutoa homoni ya CRH, ambayo Wylie Vale na wenzake waliitambua mwaka 1981. CRH huigutusha tezi ya pituitari, pituitari hutoa ACTH, na ACTH husafiri kwa damu mpaka kwenye tezi mbili zilizokaa juu ya figo. Hizo ndizo zinazomwaga kotisoli. Sukari hupanda kwenye damu, presha hupanda, kinga hupunguzwa makali, mwili mzima hujiweka chonjo. Kwa mtu anayelala usiku, homoni hii huwa chini kabisa karibu na saa sita za usiku, hupanda kuelekea alfajiri, na hufika kileleni nusu saa hadi dakika 45 baada ya kuamka. Mvuvi anayeingia baharini usiku, au askari wa geti la hoteli ya ufukweni anayelala mchana, saa yake ya mwilini imevurugika. Mate au damu aliyotolewa saa mbili asubuhi haiwezi kusomwa kama ya mwalimu wa shule ya msingi. Ramadhani nayo, kwa daku na kulala baada ya alfajiri, huusogeza mzunguko huo.

Kotisoli ikishatosha, yenyewe hurudi ubongoni kuzuia isizidi kutengenezwa, jinsi boya la tangi linavyopanda na maji na kufunga bomba. Mwaka 1968, huko Melbourne, Bernard Carroll na wenzake walichapisha jambo la kushangaza. Waliwapa wagonjwa wa sonona kali deksamethasoni, dawa inayojifanya kotisoli. Kwa mtu mzima wa afya, boya hupanda na bomba hufunga. Kwa wagonjwa wale bomba liliendelea kumwaga. Kufikia mwaka 1981 Carroll, aliyekuwa amehamia Michigan, alikipanga kipimo hicho rasmi: miligramu 1 ya deksamethasoni saa tano za usiku, kisha damu ya kesho yake. Matumaini yalikuwa makubwa. Hatimaye sonona nayo ingepimwa maabara kama malaria!

Haikuwa hivyo. Mwaka 2011 Cinnamon Stetler na Gregory Miller walikusanya tafiti 361 za miongo minne, zenye watu zaidi ya 18,000. Kwa wastani wenye sonona walikuwa na kotisoli nyingi zaidi, ila kadiri utafiti ulivyofanywa kwa uangalifu ndivyo tofauti ilivyopungua. Ilikuwa kubwa kwa wazee, kwa waliolazwa, na kwa wale ambao sonona yao imefika mahali pa kusikia sauti au kukosa kabisa ladha ya jambo lolote. Wengine kotisoli yao ilikuwa ya kawaida, na wapo ambao iko chini. Kwa hiyo anayesema dawa fulani "inatibu sonona kwa kushusha homoni ya msongo" amekwisha kuwaacha nje wagonjwa wengi ambao homoni yao haikupanda tangu mwanzo.

Sasa dawa. Mwaka 1960 kampuni ya Hoffmann-La Roche ilianza kuuza Librium, zao la kazi ya mkemia Leo Sternbach, na mwaka 1963 ikafuata Valium, ambayo kwa jina lake la kisayansi ni diazepamu. Zote ni za jamii ya benzodiazepini. Zenyewe hazitengenezi utulivu wowote. Huongeza nguvu ya GABA, kemikali ya ubongo ambayo kazi yake ni kuzinyamazisha seli za neva. Seli za haipothalamasi zinazotoa CRH nazo ziko chini ya GABA. Ukiongeza nguvu ya kunyamazisha, CRH hupungua, ACTH hufuata, na kotisoli hushuka. Alprazolamu, ya jamii hiyohiyo, ina sifa zaidi kwa jambo hili: dozi ikiongezeka, homoni huzidi kushuka.

Ila ubongo huzoea. Mwaka 2005 kundi la watafiti wa Marekani likiongozwa na Nunzio Pomara lilieleza lilivyowapa watu wazima, vijana na wazee, diazepamu kwa muda wa wiki 3. Kwa wazee kotisoli ilishuka walipoanza, na ikabaki chini walipoendelea kumeza. Lakini mwisho wa wiki hizo, walipopewa dozi ya majaribio tena, haikushusha kitu. Wiki 3 tu! Watumiaji wengi wa vidonge hivi hawahesabu kwa wiki. Huhesabu kwa miezi na miaka. Na mtu aliyezoea akiacha ghafla, ule mfumo uliokuwa umekandamizwa huinuka kwa kishindo: kotisoli hupanda, usingizi hupotea, moyo hudunda, mikono hutetemeka, na wengine hushikwa na degedege. Mgonjwa na jamaa zake hudhani ugonjwa umerudi kwa hasira, kumbe ni dawa inayodai.

Huko Muyeye, mazungumzo ya kuomba kidonge dukani huwa mafupi. Mama wa makamo amesimama kwenye kaunta jioni, sauti ya chini.

"Daktari, nipe ile ndogo ya kulala. Kichwa hakitulii."

"Mama, hiyo yataka karatasi ya hospitali."

"Mwanangu, hospitali nitakwenda kesho. Leo nataka kulala tu."

Aliye nyuma ya kaunta mara nyingi si daktari, ingawa kila mtu humwita hivyo. Sheria ya Kenya iko upande wake: diazepamu na ndugu zake hutolewa kwa maandishi ya tabibu, na tangu mwaka 1994 kuna sheria kamili ya mihadarati na dawa zinazogusa akili. Anayebembelezwa, hata hivyo, ni mtu anayemjua mteja, pengine ni jirani. Na mama yule hakosei kwamba kidonge kitamlaza. Kinachokosekana kwenye mazungumzo hayo ni maswali ya upande wa pili: amekosa usingizi tangu lini, anakula, amewahi kufikiria kujiua, anakunywa nini kingine. Sonona hujificha vizuri nyuma ya neno "usingizi". Mwaka 2020 watafiti wa Kilifi, wakiwamo wa kituo cha KEMRI-Wellcome kilichopo mjini Kilifi tangu 1989, walichapisha kazi ya kupima kama dodoso fupi la maswali tisa ya sonona kwa Kiswahili linafaa kwa wakazi wa huko, na walilikuta linafaa. Swali la tatu kati ya yale tisa ndilo la usingizi. Muuzaji akilisikia hilo peke yake amesikia sehemu moja kati ya tisa.

Shirika la Afya Duniani haliiweki diazepamu kuwa dawa ya sonona. Miongozo yake ya vituo vya afya vya kawaida hutaja fluoksetini na amitriptilini, pamoja na tiba za mazungumzo. Amitriptilini nayo hulegeza na kuleta usingizi, jambo ambalo wagonjwa wengi hulipenda, na ni rahisi kuichanganya kichwani na vidonge vya kulala. Kazi yake lakini ni nyingine na huchukua wiki kadhaa kuonekana.

Hapa pana kisa kinachoeleza vizuri kwa nini kushuka kwa homoni hakutoshi. Mirtazapini ni dawa ya sonona inayoleta usingizi sana. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Cornelius Schüle na wenzake mjini Munich waliipima kotisoli ya wagonjwa wanaoitumia na wakaona mfumo wa homoni umetulia ndani ya wiki moja. Walipowagawa waliopona na wasiopona, homoni ilikuwa imetulia kwa makundi yote mawili. Damu ilikuwa na habari njema, mgonjwa hakuwa nayo. Mwaka 2016 Waingereza walikwenda mbali zaidi: wagonjwa 165 ambao sonona yao ilikuwa imegoma kusikia dawa waliongezewa metiraponi, inayozuia tezi kutengeneza kotisoli, au kidonge kisicho na dawa, kwa siku 21. Makundi mawili hayakutofautiana. Kama kotisoli ingekuwa ndiyo mzizi wa sonona kwa watu wote, jaribio lile lingekuwa limetoa jibu jingine.

Kotisoli yenyewe, tena, si adui. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 madaktari wa chumba cha wagonjwa mahututi Glasgow, Scotland, waliona vifo vya majeruhi wa ajali vinaongezeka bila sababu ya wazi. Iain Ledingham na Ian Watt walipofuatilia, walikuta kilichobadilika ni dawa ya kuwalaza. Waliolazwa kwa mofini, pamoja na benzodiazepini au bila hiyo, walikufa asilimia 28. Waliotiliwa etomideti mfululizo walikufa asilimia 77. Etomideti hukizima kimeng'enya cha tezi za juu ya figo kinachokamilisha kotisoli. Majeruhi walikuwa wametulia kabisa, na miili yao haikuwa na silaha ya kupambana na majeraha wala maambukizi. Tangu hapo dawa hiyo haitumiki kumlaza mgonjwa kwa siku nyingi.

Kaunti ya Kilifi ina sababu yake ya kujihadhari na vipimo vya kotisoli. Kifafa ni ugonjwa uliochunguzwa huko kwa miaka mingi, na fenobabitali, dawa iliyoanza kutumika mwaka 1912, bado ni mojawapo ya dawa nafuu zake. Fenobabitali ni dawa ya kutuliza, na pia huliharakisha ini livunje deksamethasoni kabla haijafanya kazi. Mwenye kifafa anayeimeza akipewa kipimo cha Carroll, bomba litaonekana halifungi hata kama hana sonona yoyote. Aliyemeza benzodiazepini kwa dozi kubwa huenda upande wa pili: bomba huonekana limefunga ingawa sonona iko palepale. Dawa mbili za kutuliza, majibu mawili ya uongo, kila moja na mwelekeo wake.

Kisha kuna bugizi. Kwa jina hili la pwani huitwa zaidi Rohypnol, benzodiazepini yenye nguvu kuliko diazepamu miligramu kwa miligramu, na huko Malindi imekuwa ikizunguka pamoja na unga, yaani heroini. Heroini imekaa katika mji huu wa watalii kwa miongo kadhaa. The Omari Project, shirika la kusaidia waraibu, lilianzishwa huko mwaka 1995, na mwaka 2015, muda mfupi baada ya hospitali ya Mathari Nairobi kuanza, kliniki ya metadoni ilifunguliwa katika hospitali ya Malindi. Wanaoitumia hufika kila siku na kuinywa mbele ya muuguzi.

Hadithi ya kotisoli na unga inafahamika vizuri kuliko ya vidonge, na sifa ni ya Mary Jeanne Kreek, daktari wa New York aliyejiunga na Vincent Dole na Marie Nyswander mwaka 1964 walipokuwa wakianza tiba ya metadoni. Heroini hushusha homoni za msongo, lakini kwa saa chache tu. Ikianza kuisha mwilini, arosto huingia, na ACTH na kotisoli hupanda juu ya kiwango cha kawaida. Teja anayejidunga mara kadhaa kwa siku huishi ndani ya bembea hiyo, juu chini, juu chini, na haishangazi kwamba sonona ni mwenzake wa karibu. Metadoni hukaa mwilini mchana kutwa na usiku kucha. Kreek na wenzake walionyesha kwamba mtu akikaa nayo kwa dozi thabiti kwa miezi, mfumo wa homoni hurudia mdundo wake. Hiyo ni tofauti ambayo mtu wa kando huikosa anapouliza kuna faida gani kumtoa mtu kwenye dawa moja na kumtia kwenye nyingine: moja humtupa juu na chini, nyingine humweka mahali pamoja.

Bugizi huiharibu kazi hiyo. Arosto ikiuma au dozi ya metadoni ikionekana ndogo, kidonge humezwa juu yake ili kutuliza roho, na mara nyingine mnazi huongezwa. Pombe ya kila siku yenyewe hupandisha kotisoli kadiri miezi inavyokwenda. Hatari ya papo kwa papo ni pumzi: heroini au metadoni ikikutana na benzodiazepini, kituo cha ubongo kinachoendesha kupumua hunyamazishwa na zote mbili, na mtu hufa usingizini. Wauguzi wa kliniki za metadoni hulichunga hilo kuliko jambo lolote jingine, na wana haki. Upande wa mchana iko muguka, majani ya kutafuna yanayofukuza usingizi, iliyopigwa marufuku Kilifi na gavana Gideon Mung'aro mwezi Mei 2024 kabla ya mahakama kuisimamisha amri hiyo. Mtafunaji aliyekesha macho makavu hutafuta cha kumlaza, na kesho yake cha kumwamsha.

Malindi ilipata mtihani mkubwa kuliko hayo yote. Kuanzia Aprili 2023 miili zaidi ya 400 ya waumini wa dhehebu lililohimiza kufunga hadi kufa ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, ikahifadhiwa mjini, na jamaa walisubiri majibu ya vinasaba hadi Machi 2024 ndipo miili ya kwanza ikaanza kukabidhiwa. Kwa msiba wa namna hii, watu wema hukimbilia kumpa mfiwa kidonge alale. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshatoa mwongozo kuhusu jambo hilo mwaka 2013: mfiwa asiye na ugonjwa wa akili asipewe benzodiazepini kwa ajili ya huzuni yake, wala aliyepatwa na tukio la kutisha asipewe katika mwezi wa kwanza kwa dalili za msongo au kukosa usingizi. Mwongozo huo ni mgumu kuufuata mbele ya mama anayelia usiku kucha. Matanga ya pwani, ambapo watu hulala kwa mfiwa, hupika, husoma dua na kumtuma huku na huko ili asikae peke yake, yanakubaliana nao bila kuusoma.

Lipo jaribio la Kenya ambamo kotisoli ilipimwa bila dawa yoyote kuingia. Kati ya 2011 na 2013, kaya maskini za Rarieda, Siaya, zilipewa fedha taslimu bila masharti, nyingine shilingi 25,200, nyingine 95,200. Watafiti Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walichukua mate ya wakazi, huku wakiuliza kila mmoja kama amekula, amekunywa, amevuta sigara au amemeza dawa, na ameamka saa ngapi. Ripoti yao ya mwaka 2016 inasema sonona ilipungua. Kotisoli kwa wastani haikushuka, lakini kwa wale waliopata kiasi kikubwa ilikuwa chini kuliko kwa waliopata kidogo. Kwa waliopewa kwa mkupuo chini kuliko kwa waliolipwa kila mwezi. Na fedha ikikabidhiwa mke ilikuwa chini kuliko ikikabidhiwa mume. Jambo hili la mwisho lingestahili mhadhara wake! Miaka michache kabla, Haushofer na wenzake walikuwa wameona mvua ikikosekana kotisoli ya wakulima hupanda, ilhali ya mafundi wa chuma wa jua kali Nairobi haikufanya hivyo. Mkulima wa mahindi wa bara ya Malindi hahitaji maabara kulijua hilo, lakini maabara imemuunga mkono.

Kwa aliyekwisha kuzoea kidonge, swali la leo ni jinsi ya kutoka. Heather Ashton, aliyeendesha kliniki ya kuacha benzodiazepini Newcastle kuanzia 1982 hadi 1994, alifundisha upole: dozi ishuke kidogo kidogo, chini ya uangalizi wa tabibu, na mgonjwa aambiwe mapema kwamba usiku wa kwanza baada ya kila hatua unaweza kuwa mbaya. Mtu anayemeza diazepamu miligramu 10 kila usiku, akipunguza miligramu 1 kila wiki mbili, atamaliza baada ya wiki 20, karibu miezi mitano. Pale ambapo duka lina vidonge vya miligramu 5 peke yake, hatua ndogo inayowezekana kwa wembe na sahani ni nusu kidonge, yaani miligramu 2.5. Tabibu hurefusha basi muda wa kila hatua hadi mwezi mzima, na miezi minne baadaye mgonjwa hufika kwenye sifuri, huku matibabu ya sonona yenyewe yakiwa yameanza tangu siku ya kwanza.